Jua la Ambalafary

Mgeni alikutwa kwenye foleni ya kina mama wajawazito, mkononi ameshika kadi ya zamu na mapajani amepakata boksi la chanjo. Hakuna aliyekuwa amemwita. Aliingia lango la hospitali ya Ambohitsara Jumatano asubuhi, akaona watu wameketi kwenye benchi kwa utaratibu, akaona si adabu kuwapita. Basi akaketi mwisho. Kadi alipewa na karani ambaye hakuinua hata macho. Zamu yake ilipofika alipimwa uzito, akapimwa presha, akaulizwa hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Akajibu kwa heshima kwamba hakumbuki.

Hapo ndipo mkunga mkuu, Mama Perline, alipoacha kuandika na kumtazama.

"Baba, mimba yako ina miezi mingapi?"

"Nimekuja kwa ajili ya mtandao wa hospitali, dada," mgeni alisema. "Nimesikia redioni mnatafuta hospitali ya saba. Ndiyo mimi."

Ndani ya boksi la chanjo bata akalia.

Dakta Rindra aliposikia jina lake likipigiwa kelele kutoka chini, alikuwa katika chumba kilichokuwa zamani cha kufulia mashuka. Sasa ndicho kilichokuwa ofisi yake mchana na kitanda chake usiku. Tangu amalize chuo alikuwa akifanya kazi pale kwa kujitolea, kwa wali na kwa paa la chumba hicho, akingoja siku ambayo mtandao ungezaliwa na kuzaa kazi ya mratibu: mkataba wa miaka miwili, mshahara wake wa kwanza maishani. Alikuwa ameshamwambia mama yake aanze kuchagua mabati. Alishuka ngazi mbilimbili.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mwanamke mmoja aliyefika Ambohitsara katika mwezi wa kwanza wa Rindra, akajifungua salama, kisha damu ikakataa kukata. Sindano ya kuzuia damu ilikuwepo. Lakini umeme ulikuwa umekatika siku nyingi na jokofu lilikuwa kabati tu. Rindra alichoma dawa iliyokuwa imeshaharibiwa na joto ikawa maji tu, na mwanamke hakupona. Tangu hapo hakuweza kupita mbele ya jokofu bila kuligusa.

Ndipo ikasikika dawa mpya ya unga, inayovutwa kwa mdomo, isiyojali joto. Ili ijulikane kama inafanya kazi sawa na sindano, ilibidi ijaribiwe kwa maelfu ya wazazi wanaojifungua, kura ikiamua nani apate ipi. Ambohitsara peke yake ingehitaji miaka arobaini, na Rindra angeyasoma majibu akiwa bibi. Hospitali saba zikifanya kazi moja, kwa njia moja, zingemaliza kwa miaka miwili. Wafadhili wa Norwe walikubali, kwa sharti kwamba ziwe saba au jambo life. Sita zilipatikana. Ya saba, hospitali kubwa ya mjini, ilijitoa mwezi uliopita kwa sababu mkurugenzi na naibu wake waligombania nani asimame katikati kwenye picha ya pamoja.

Mama Perline ndiye aliyeshauri redio. Tangazo likasomwa kati ya msiba na ng'ombe aliyepotea. Ng'ombe alipatikana siku ileile. Hospitali haikupatikana, hadi Jumatano hii.

Mgeni aliitwa Velonjara, muuguzi mkuu wa Ambalafary, kaskazini magharibi kabisa, mahali ambapo Rindra alipatafuta kwenye ramani akakuta jina limeandikwa juu ya maji. Alisafiri siku kadhaa. Bata alikuwa zawadi. Hospitali yake ilikuwa na vitanda tisa, taa ya jua, na wakunga wawili, mmoja wao mkewe. Lakini wazazi walimiminika pale kwa mikokoteni ya ng'ombe na kwa mitumbwi, wengi kuliko wa Ambohitsara, maana hapakuwa na hospitali nyingine ya kukimbilia. Bi Ingvild, mwakilishi wa wafadhili, aliyekuwa akionekana kwenye kompyuta tu, alimhoji kutwa nzima, akamwonyesha fomu, akamsikiliza akieleza atakavyomweleza mzazi mambo ya kura. Alhamisi mchana akasema zimetimia saba. Rindra alilia kidogo, akasingizia kitunguu, na hapakuwa na kitunguu.

Kisha akamwambia Velonjara kwamba wataanza Jumamosi.

Velonjara alikuwa akitafuna mkate wa mchele. Akaacha.

"Jumamosi," alirudia.

"Ndiyo, Baba. Keshokutwa."

"Jumamosi sisi hatuanzi kitu, mwanangu."

Kila mahali katika nchi ile wazee waliokufa waliacha siku yao moja ambayo ni mwiko kuanza jambo jipya. Ambohitsara ilikuwa Jumanne. Ankazosoa, mojawapo ya zile sita, ilikuwa Alhamisi, na hata shimo la choo halikuchimbwa siku hiyo. Jumapili ilikuwa ya hospitali ya misheni, na hiyo ndiyo pekee ambayo Ingvild aliielewa mara moja. Sheria ya wafadhili ilitaka hospitali zote zifunguliwe kwa pamoja, siku moja, zisipishane. Rindra alikuwa ametumia mwaka mzima kwenye simu akitafuta siku isiyo na mwenyewe. Mwanzoni Ingvild aliuliza mmiliki wa Jumanne ni nani ili aandikiwe barua. Mwishowe ikabaki Jumamosi, na Rindra aliipenda Jumamosi kama mtu anavyompenda ndugu pekee asiyemkopa.

Mama Perline alicheka mpaka akakaa chini. "Watu wa pwani nyie. Siku sita hamwanzi kitu kwa uvivu, ya saba mnaifanya mwiko."

"Na nyie wa milimani mnaanza kila siku," Velonjara alimjibu bila kukasirika. "Mmemaliza nini?"

Rindra aliuliza, na mzazi akishikwa na uchungu Jumamosi?

"Anazaa kama kawaida," Velonjara alisema. "Mtoto haanzi. Anafika."

Jioni hiyo zilikutana hospitali zote saba kwa simu. Mganga mkuu wa Ambohitsara, Dakta Razafimahefa, mzee mwenye sauti nzuri anayealikwa kwenye harusi za watu asiowajua, ndiye aliyefungua kikao. Desturi inataka anayesimama kusema aombe kwanza radhi kwa kuthubutu kusema mbele ya waliomzidi. Razafimahefa aliomba radhi kwa umri wake, kwa udogo wa hospitali yake, na kwa jua lililozama kabla hajamaliza. Wa Ankazosoa akaona aibu kupokea radhi nyingi kiasi hicho bila kurudisha, naye akaomba zake. Ikaendelea hivyo, ikapita hospitali hata hospitali, ikawa kubwa zaidi kila ilipopita. Salio la simu lilipokwisha, kila mtu alikuwa amesamehewa na hakuna aliyeitaja Jumamosi.

Ijumaa asubuhi Rindra aliwapigia tena, akauliza moja kwa moja bila radhi hata moja. Halafu sauti ya upole kutoka misheni ikauliza kama daktari anaumwa.

Walikuwa watu wema, hiyo ndiyo iliyokuwa taabu. Kila mmoja alikuwa tayari kuiachia siku yake kwa ajili ya wenzake, ila lazima wazee waombwe, na wazee huombwa kwa ng'ombe, na ng'ombe huchinjwa mwezi ukiwa mahali pake, na mwezi haukuwa mahali pake. Ingvild, mtu makini ambaye sasa alikuwa amekosa usingizi, aliuliza kama wizara inaweza kuongeza siku ya nane, hata kwa wiki moja tu. Pesa za mwaka zingefungwa Jumamosi hiyo. Baada ya hapo unga ungepelekwa nchi nyingine, na Ambohitsara wangebaki na jokofu lao.

Jioni, Mama Perline alimkaanga bata aliyekuja na boksi, maana mtu habebi huzuni na njaa kwa pamoja. Kitako cha bata kilitengwa kwa ajili ya Razafimahefa kama heshima ya mkubwa kwa desturi yao. Waliobaki waliketi barazani, sahani za wali mapajani. Velonjara alikuwa amenunua malapa mapya sokoni, akayatoa kwenye mfuko ayavae, akanyoosha mguu. Kisha akatazama mlima. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma yake. Akayarudisha malapa mfukoni, akabaki na yale yenye kamba iliyofungwa kwa waya.

"Hayakutoshi?" Rindra aliuliza, kwa kuwa alikuwa ameyachagua yeye.

"Yananitosha. Nimechelewa tu. Jumamosi imeshaingia."

"Leo Ijumaa, Baba."

"Ilikuwa Ijumaa," Velonjara alisema. "Jua limezama."

Alimweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza. Kwao usiku ndio unaotangulia, mchana unafuata nyuma. Jua likizama siku imekwisha, na giza linaloingia ni la siku nyingine. Alishangaa kwamba daktari mzima hakulijua hilo.

Mkono wa Mama Perline ulibaki hewani na upawa wake. Rindra aliweka sahani chini.

"Kwa hiyo kesho jua likizama..."

"Jumamosi imekwisha. Ni Jumapili hiyo."

"Na huku kwetu itakuwa bado Jumamosi mpaka jogoo awike."

Velonjara aliwaza kidogo. "Hilo ni lenu," alisema. "Lakini kama mnapenda kuchelewa hivyo, ni bahati."

Rindra alipiga simu sita akiwa amesimama. Ankazosoa walihesabu siku kwa jogoo. Misheni walihesabu kwa saa ya ukutani, na Jumapili yao haikuanza kabla ya saa sita ya usiku. Wote walikubali, na kwa furaha yao hakuna aliyekumbuka kuomba radhi. Ingvild aliomba aelezwe mara ya pili. Akachora, akafuta, akachora tena, kisha akaweka kalamu chini akasema itawezekana, lakini ana jambo moja. Mtambo wao wa kompyuta ungepokea ufunguzi mpaka saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi kwa saa ya Ambohitsara. Ukipita muda huo bila kituo kikuu, yaani Ambohitsara, kubonyeza, mtambo wenyewe ungekinyang'anya ukuu na kumpa wa kwanza kwa alfabeti kati ya waliobaki, pamoja na kila kilicho chake, kazi ya mratibu ikiwemo. Huyo angepewa mpaka saa moja, basi. Aliyeupanga hivyo alikuwa likizoni milimani na simu yake ameizima.

Rindra alisema hakuna shida. Hapo Ambohitsara jua huingia nyuma ya mlima mapema, kuku wakiwa bado uwanjani.

Velonjara alitikisa kichwa. Jua la hapa, alisema, linakimbia. Yeye hawezi kuwaambia watu wa kwao kwamba Jumamosi imekwisha kwa sababu mlima wa watu wengine umeiziba. Kwao hakuna mlima, ni tambarare ya chumvi hadi macho yachoke, na jua hushuka mpaka chini kabisa bila haraka. Mkewe, Zafisoa, angepanda juu ya tangi la maji la hospitali, mahali pekee penye mawimbi ya simu, alitazame mpaka mwisho.

Basi Rindra akaongea na Zafisoa mwenyewe, aliyekuwa amepanda tangini usiku huohuo kumtafuta mumewe kwa simu. Sauti yake ilikuwa nzito na ya uchangamfu.

"Hutaanza mpaka niseme?"

"Sitaanza mpaka useme, Mama. Nakuahidi."

"Na usinikatie simu kabla sijafika chini. Ngazi hii ina kidato kibovu, na gizani naogopa. Mume wangu akiwepo hunisemesha."

Rindra akamwahidi na hilo. Lilionekana dogo sana, akalisahau kabla hajalala.

Jumamosi jioni chumba cha kufulia kilijaa. Wakunga waliketi kwenye ukingo wa karo la kufulia. Razafimahefa alikuja amejifunga shali nyeupe ya sherehe, akaapa kusema maneno machache tu, na kufikia saa kumi na moja unusu alikuwa akiwaomba radhi ambao bado hawajazaliwa. Nyuma yake dirishani jua liliingia mlimani. Macho yote yakahamia kwenye kidole cha Rindra.

"Mama Zafisoa?" Rindra aliuliza kwenye simu.

"Bado, mwanangu. Liko juu, linang'aa vizuri tu."

Alingoja. Akauliza tena. Bado. Hapo ndipo Rindra alipoelewa kosa lake. Alikuwa amedhani jua ni moja kwa wote. Nchi nzima ilikuwa imelala kati yake na lile tangi, na kule magharibi mchana ulikuwa haujachoka.

"Limegusa mikoko," Zafisoa alisema. "Jekundu, kubwa. Bado."

Ingvild aliitazama saa yake, kisha akausogeza uso karibu na kamera kama mtu anayetaka kunong'ona chumbani mwa watu ishirini. "Rindra. Zimebaki dakika tatu. Bonyeza. Huko nani atajua?"

Rindra alimgeukia Velonjara. Mgeni alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mfuko wa malapa magotini, akitazama sakafu. Hakumwomba kitu. Angemwomba ingekuwa rahisi, maana mtu anayeombwa anaweza kukataa. Rindra alifikiria mabati ya mama yake. Akamfikiria mkunga fulani wa kesho, katika mojawapo ya hospitali saba, peke yake na mzazi na kura aliyoivuta, akitamani imwangukie ile dawa nyingine. Huyo naye atajiuliza nani atajua. Kazi yote ilisimama juu ya huyo mtu kufanya alichosema atafanya. Rindra aliuondoa mkono kwenye kompyuta na kuukalia.

"Endelea kulitazama, Mama," alisema. "Tuko hapa."

Saa kumi na mbili mtambo ulitoa mlio kama wa kijiko kwenye glasi. Jina la Ambohitsara lilififia juu ya orodha na jina la Rindra likafuatana nalo. Mtambo ukaanza kutafuta wa kwanza kwa alfabeti, na katika nchi ambayo karibu kila mji unaanza na A ulihangaika kidogo: Ankazosoa, Antsahalava, Andranofotsy, Ambodivoara, Ambatomiady. Ukatulia. Kwenye ndoo, simu ya Velonjara ikatetemeka na kumpongeza.

Ingvild aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali lolote, kituo kikuu sasa kiko wapi. Velonjara alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Jamani," Mama Perline alisema. "Mtandao wote umekwenda kwa mtu niliyempima mimba."

Walicheka, hata Rindra alicheka, na katikati ya kicheko hicho aliinua kiganja wanyamaze, kwa sababu simuni palikuwa na pumzi.

"Limekwenda," Zafisoa alisema. "Lote. Anzeni sasa, wanangu."

Velonjara alivua malapa ya waya, akavaa mapya, akasimama. Akabonyeza kwa dole gumba. Kwenye kompyuta, hospitali saba ziliwaka kijani moja baada ya nyingine, na kutoka kila moja vikasikika vifijo vilivyochelewa kidogo. Mama Perline alimkumbatia Razafimahefa, ambaye aliona hiyo ni nafasi ya kuendelea.

Ingvild alikuwa akipunga mkono kwenye kioo. Alikuwa akizungumza haraka. Mkuu wake alikuwa amejiunga, amevaa koti tayari, anaondoka. Ilikuwepo nafasi moja ya msaidizi, ndogo, lakini ina mshahara, na mkuu angeiidhinisha kama Rindra mwenyewe angejieleza sasa hivi, dakika mbili tu, kabla hajatoka, maana Jumatatu angempa mtu mwingine. Nyuma ya Ingvild mwanamume mrefu alisimama akifunga vifungo, akaitazama kamera.

"Daktari?" alisema. "Nakusikiliza."

Kwenye sikio la Rindra chuma cha ngazi kililia, kisha sauti nzito ya Zafisoa ikasema, kwa unyonge ambao haikuwa nao mchana, kwamba giza limeingia upesi kuliko alivyodhani.

"Samahani sana, bwana," Rindra aliiambia kompyuta. "Kuna mama bado yuko kwenye ngazi."

Akakipa kioo mgongo, akaziba sikio la pili kwa kiganja ili asisikie vifijo.

"Niko hapa, Mama. Shika kwa mikono yote miwili, simu itie kifuani, nitasema kwa nguvu. Haya, niambie: kile kidato kibovu, ni cha ngapi kutoka juu?"